Muuza maharage wa Mbuyuni asiyechanganya rangi

Ukitaka maharage mazuri Moshi, nenda Soko la Mbuyuni, upande wa nafaka, umtafute mama aliyepanga magunia kwa rangi: mekundu, ya njano, meusi, halafu choroko, kunde na ngwara. Hachanganyi. Hilo peke yake linatosha kumsifu, maana maharage mchanganyiko hayaivi pamoja. Haya yanapondeka, yale bado yanagonga meno.

Nafundisha baiolojia sekondari, na rangi ndiyo inayonipeleka kwake. Ganda la maharage mekundu na meusi lina anthosianini, rangi ileile ya zabibu nyeusi. Ganda la choroko lina viteksini. Ni polifenoli hizo, kemikali za kinga ya mmea wenyewe, na maabara zimeonyesha kwamba zinapunguza uharibifu wa seli unaoletwa na oksijeni na kutuliza uvimbe wa ndani. Kwa hiyo choroko zilizokobolewa nazipita tu: kilichotupwa ndicho nilichokifuata.

Mama huyu ukimuuliza, anakwambia bila kuzunguka: haya ya msimu huu, yale ya mwaka jana, na bei anashusha. Uaminifu huo ni adimu. Maharage yaliyolala sana ghalani huwa magumu na hula mkaa bila kuiva, na yale ya rangi nyepesi hugeuka kahawia kwa sababu polifenoli za gandani zimeshaungana na oksijeni.

Nilichukua sado ya mekundu, mapya. Niliyaloweka usiku, asubuhi maji yakawa mekundu: sehemu ya anthosianini imeyeyukia humo. Bado nayamwaga, kwani yanaondoka na sukari zinazojaza tumbo gesi, na baba mkwe wangu ana tumbo jepesi. Kisha nikayachemsha kwa moto mkali. Hapo msifanye mchezo jamani. Maharage mekundu yasiyochemka vizuri yana lektini, protini inayotapisha na kuharisha. Yaliiva upesi, ganda halikubanduka, mchuzi ukawa mzito wenyewe. Mezani nilikamulia ndimu, maana tanini, polifenoli nyingine za gandani, hushika madini ya chuma na vitamini C huyasaidia kufyonzwa.

Kasoro ya mama huyu ni turubai fupi: mchana magunia ya mbele yanapigwa na jua. Omba akuchotee ya nyuma, hakatai. Ngwara wahi asubuhi, kwani wanunuzi wa kupeleka Kenya huzibeba kwa gunia.