Foklifti ya okazioni na kijana asiyetaka ijaribiwe

Jina la yadi sitataja. Iko upande wa barabara ya kwenda Kasumbalesa, Lubumbashi, na wenye kuijua wataijua.

Natafuta foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, ya okazioni (iliyokwisha kutumika) na ya mazutu (dizeli), ya kubebea unga depo. Niliwapigia simu mapema nikawaomba wasiiwashe mpaka nifike, maana injini iliyochoka husumbua kuwaka ikiwa baridi, ikishapata moto inajificha. Nafika, naweka mkono kwenye boneti: ya moto! Eti walikuwa "wanaisogeza kidogo".

Nikameza. Mashine nzima imepakwa rangi ya njano, bado inanuka, hadi minyororo ya kuinulia. Jamani, nani anapaka rangi mnyororo? Mnyororo hupakwa mafuta. Ukiona rangi, chini yake kuna kutu au viungo vilivyokaza. Fundi wangu akapima meno ya mbele, yale mawili yanayoingia chini ya mzigo, pale kwenye kisigino yanapopinda, akalinganisha na sehemu iliyosimama, ambayo hailiki. Yameliwa zaidi ya asilimia 10. Jino la hivyo halibebi tena, ni la kutupa: nguvu yake imepungua karibu asilimia 20.

Yote hayo ningeyasamehe. Nikaomba jambo la mwisho: wainue mzigo juu, wazime injini, tungoje tuone kama unashuka wenyewe. Ukishuka, silinda au vali zinavujisha mafuta ndani. Kijana muuzaji, kasikio kamoja kana muziki, akanijibu mbele ya wapakiaji:

"Papa, unanunua mashine ao unaoa? Kama hauna feza, utuache tutumike."

Wakacheka. Ananiita papa, yaani baba, na kunitukana kwa pumzi moja! Nilitaka kuondoka palepale, na kama ningeondoka ningewaambia hapa msikanyage kabisa.

Ila kijana alipokwenda kupokea simu, dereva wao, mzee mpole, akapanda bila kuambiwa, akainua paleti ya simenti, akazima. Tukasimama tunatazama. Haikushuka hata upana wa kidole, na mlingoti, ile nguzo ya mbele inayopandisha meno, haukuinama. Kwa hiyo haidroliki, mfumo wa mafuta unaoinua mzigo, ni nzima, tena nzima kuliko nilivyotegemea. Meno yananunulika, minyororo pia. Nikaanza kupiga hesabu.

Kijana akarudi. Namuuliza kibao cha uzito kiko wapi, kile kinachoonyesha inabeba kiasi gani na kwa urefu gani, maana pamebaki matundu tu yaliyopakwa rangi. Jibu lake: "Ile kibao ndiyo inainuaka muzigo?"

Mzigo ukimwangukia mtu wangu, huyu atanifuata hospitali?

Fundi ananisukuma turudi tukate bei. Mashine si mbaya, nakubali, na pengine kwa pesa hiyo sitapata nyingine kama hiyo mjini. Huenda nikarudi. Lakini nitaongea na mzee wa usukani tu, na yule kijana akija kunifungulia geti, nageuza gari.