Koili ya homoni kwa hedhi nzito: kazi inaifanya, ila usiihukumu kwa mwezi wa kwanza

Mwanamke anayebadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, anayeamka usiku kukagua shuka, anayetoa mabonge makubwa ya damu na kuvuja hadi kwenye nguo, tunampendekezea koili ya homoni (kitanzi kinachokaa ndani ya mji wa mimba) yenye miligramu 52 za levonogestreli, yaani homoni yenyewe, kabla ya vidonge, na kabla hata ya kufikiria upasuaji. Sharti ni moja: aipe miezi sita. Wanaoitoa mapema mara nyingi huitoa ikiwa ndiyo kwanza inaanza kazi, kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwamba wingi wa damu hupungua kwanza, na idadi ya siku hufuata baadaye, tena kwa kusuasua.

Kabla ya yote, angalia boksi. Koili ya shaba haina homoni, na kwa kawaida huongeza damu na maumivu ya hedhi, hasa miezi ya mwanzo. Mwenye hedhi nzito akiwekewa hiyo ameongezewa mzigo. Hata za homoni hazilingani. Mirena, Levosert na Liletta zina miligramu 52. Kyleena ina 19.5 na Jaydess ina 13.5. Hizi mbili ndogo zinazuia mimba vizuri sana, lakini hazikuidhinishwa kutibu hedhi nzito. Ukiambiwa "zote ni zilezile", omba kusoma miligramu kwenye boksi mwenyewe.

Kitu chenyewe ni kidogo: plastiki laini yenye umbo la herufi T. Mirena ina urefu wa milimita 32 na upana huohuo, na mguu wake umevikwa kifuko cha homoni chenye nyuzi mbili nyembamba chini. Hutoa takriban mikrogramu 20 kwa siku mwanzoni, na baada ya miaka 5 kiwango hicho huwa kimeshuka kufikia karibu nusu. Homoni hiyo hufanya kazi palepale ilipo: hufanya utando wa ndani wa mji wa mimba uwe mwembamba, na utando ukiwa mwembamba hakuna kingi cha kumwagika. Kiasi kinachoingia kwenye damu ya mwili ni kidogo, ndiyo maana ovari za wanawake wengi huendelea kupevusha mayai kama kawaida.

Hapo ndipo penye jibu la wanaouliza kama koili "itapanga" hedhi inayokuja kila baada ya wiki tatu. Haitapanga. Mzunguko wa siku 21 unaweza kubaki wa siku 21. Kinachobadilika ni kwamba kila inapokuja inakuja na kidogo, hadi inafika kiwango cha matone au kukatika kabisa. Lakini damu inayotoka katikati ya hedhi mbili, au baada ya tendo la ndoa, haifunikwi kwa koili. Chanzo chake kitafutwe kwanza, maana saratani na maambukizi huweza kuanza hivyohivyo.

Kuhusu matokeo, hatuna malalamiko. Kufikia mwezi wa tatu damu huwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwa wengi wa waliokuwa na hedhi nzito, na ndani ya mwaka hupungua kwa zaidi ya asilimia 90. Karibu mmoja kati ya watano hafuatwi na hedhi kabisa mwaka wa kwanza ukiisha. Ile hofu kwamba damu isiyotoka "inajikusanya tumboni" haina msingi, kwa kuwa utando haukujengeka, na damu ya kukusanyika haipo.

Ili usidanganywe na hisia, pima mwenyewe kwa alama. Pedi iliyoguswa kidogo ni alama 1, iliyolowa nusu ni 5, iliyojaa kabisa ni 20. Bonge dogo ni 1, bonge kubwa ni 5, na kila unapovuja hadi kwenye nguo ongeza 5. Jumla ya hedhi moja ikifika 100 au kupita, hiyo ni nzito. Fanya hesabu hii hedhi moja kabla ya kuwekewa, kisha mwezi wa tatu na wa sita. Mtu anaweza kulalamika kwamba siku zimeongezeka kutoka 7 hadi 15, kumbe alama zimeshuka kutoka 240 hadi 35. Anachokiona ni pedi nyembamba yenye madoa ya kahawia kila siku, na inaudhi kweli, lakini damu mwilini mwake inabaki.

Vipimo vya kabla si mambo ya kuongeza bili. Kipimo cha mimba ni lazima. Hemoglobini (wingi wa damu) na feritini (akiba ya chuma) zipimwe, kwa sababu akiba ya madini ya chuma inaweza kuwa imekwisha hata hemoglobini ikiwa bado inasomeka sawa. Ultrasaundi inahitajika kama tumbo la chini limejaa, kuna maumivu makali, au mkunga akipapasa anahisi mji wa mimba ni mkubwa. Faibroidi (uvimbe wa mji wa mimba usio saratani) iliyo chini ya sentimita 3 na isiyosukuma uwazi wa ndani haizuii koili. Ile iliyochomoza ndani ndiyo tatizo: hupotosha nafasi, koili husukumwa nje, na damu haipungui. Aliyefika miaka 45, au mwenye unene uliopitiliza, au mwenye damu isiyo na mpangilio, anaweza kuhitaji kuchukuliwa sampuli ya utando kwanza. Aliyeanza kutoka damu nyingi tangu hedhi yake ya kwanza, na hasa kama michubuko humtoka ovyo na fizi huvuja, apimwe ugandaji wa damu. Hata akikutwa na kasoro koili bado inaweza kumfaa, ila siku ya kuweka itapangwa kwa tahadhari.

Asiwekewe mwenye mimba, mwenye maambukizi ya nyonga yanayoendelea, mwenye saratani ya matiti, ya mlango wa kizazi au ya utando wa mji wa mimba, wala mwenye uvimbe wa ini.

Siku nzuri ya kuweka ni mwishoni mwa hedhi, damu ikiwa imepungua. Ikiwekwa siku ya mafuriko inaweza kutoka na damu. Ikiwekwa ndani ya siku 7 tangu hedhi ianze, inakinga mimba mara moja. Ikiwekwa baada ya siku hizo, tumia kondomu kwa siku 7.

Kazi yenyewe huchukua dakika 5 hadi 10. Mhudumu hupapasa kwanza kwa vidole kujua mji wa mimba umelalia upande gani. Akiruka hatua hii, hatari ya kutoboa inaongezeka. Huweka spekula (kifaa cha kufungua uke), husafisha mlango wa kizazi, hushika mdomo wake kwa koleo maalumu na kuuvuta taratibu ili njia inyooke. Kisha hupima kina kwa fimbo nyembamba, na kwa Mirena kina kinachotakiwa ni kati ya sentimita 6 na 10. Koili huingia ikiwa imekunjwa ndani ya mrija. Mrija husimamishwa kabla ya kugusa dari ya mji wa mimba, mikono ya T huachiwa, na hapo mhudumu anatakiwa kusubiri sekunde 10 mikono ifunguke vizuri ndipo asogeze hadi juu. Sekunde hizo zikirukwa kwa haraka, koili inaweza kukaa chini au upande. Mwisho nyuzi hukatwa, zikibaki kama sentimita 3. Ukisikia mtu anataka kuzikata fupi sana "zisimsumbue mume", mkatalie: uzi mfupi husimama kama sindano na kuchoma, uzi mrefu hujikunja na kulainika.

Maumivu ndiyo sehemu tunayoilalamikia, na lawama haziendi kwa koili bali kwa namna watu wanavyoandaliwa. Kuambiwa "utahisi kubanwa kidogo tu" si kweli kwa kila mtu. Wapo wanaobanwa kidogo, na wapo wanaopata maumivu makali wakati wa kupima kina na wakati wa kuingiza, hasa ambao hawajawahi kuzaa kwa njia ya kawaida. Ibuprofeni miligramu 400, saa moja kabla na baada ya kula, husaidia zaidi yale maumivu ya baadaye kuliko ya kitandani (mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu inayochochewa na dawa za aina hii asiitumie). Kitu cha kuomba ni sindano ya ganzi ya lidokaini kuzunguka mlango wa kizazi. Iulizie wakati wa kupanga miadi, maana ukishapanda kitandani jibu mara nyingi huwa "haipo". Baada ya kuwekewa usikurupuke kusimama. Wengine presha hushuka ghafla wakapata kizunguzungu na jasho jembamba, na kulala dakika chache kwa kawaida kunatosha.

Miezi mitatu ya kwanza ni ya matone. Kahawia leo, nyekundu kesho, siku mbili hakuna, kisha yanarudi. Matone yakizidi kero, daktari anaweza kukupa ibuprofeni kwa siku 5 hadi 7, au asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kutoka damu) kwa siku chache, kisha unaendelea kusubiri. Ukifika mwezi wa sita na alama zako bado zinapita 100, usisubiri tena: rudi ukafanyiwe ultrasaundi.

Kosa tunaloliona limeenea ni kuacha vidonge vya madini ya chuma siku ya kuwekewa koili. Koili huziba tundu, haijazi ndoo. Kidonge kimoja kwa siku, au siku moja baada ya nyingine kama tumbo linasumbua, mbali na chai na kahawa, na uendelee miezi 3 zaidi baada ya hemoglobini kurudi sawa. Uchovu, moyo kwenda mbio kwenye ngazi na nywele kunyonyoka mara nyingi hulaumiwa kwa homoni, kumbe ni akiba ya chuma ambayo haijarudi.

Koili hutoka yenyewe kwa karibu mtu mmoja kati ya 20, wengi wao mwaka wa kwanza, na wenye damu nyingi wako kwenye hatari zaidi. Kwa hiyo kila baada ya hedhi nawa mikono, chuchumaa, papasa nyuzi kwa kidole. Usizivute. Ukikosa nyuzi, au ukagusa kitu kigumu cha plastiki, tumia kondomu na uende kliniki. Ultrasaundi ikishindwa kuiona, hupigwa eksirei, kwani plastiki hiyo imechanganywa na kitu kinachoonekana kwenye picha. Damu nzito ikirudi ghafla baada ya miezi ya utulivu, shuku kwanza kwamba koili imeshuka. Wanaotumia kikombe cha hedhi waminye kitako chake ili hewa iingie kabla ya kukitoa, na wahakikishe hawajashika uzi pamoja nacho.

Kutoboka kwa mji wa mimba hutokea kwa mmoja au wawili kati ya wanawake 1,000, na hatari huwa kubwa zaidi kwa anayenyonyesha au aliyejifungua karibuni. Maambukizi, yakija, huja zaidi katika wiki tatu za mwanzo: homa, uchafu wenye harufu, maumivu ya tumbo la chini yanayozidi badala ya kupungua. Usisubiri miadi kwa dalili hizo. Mimba ni nadra sana, lakini ikitungwa koili ikiwa ndani, uwezekano wa kuwa nje ya mji wa mimba ni mkubwa, kwa hiyo kipimo kikisoma chanya nenda siku hiyohiyo. Chunusi, matiti kuuma, kichwa na mabadiliko ya hisia huwapata baadhi na mara nyingi hutulia baada ya miezi michache. Yasipotulia, hiyo ni sababu halali ya kuitoa, na hakuna haja ya kumshawishi mtu yeyote.

Washindani wake? Asidi ya traneksamiki, gramu 1 mara tatu kwa siku wakati wa damu nyingi tu, hupunguza damu hadi karibu nusu, haizuii mimba, na inamfaa anayetafuta mtoto. Vidonge vyenye estrojeni hupanga mzunguko vizuri kuliko koili, lakini havimfai mwenye historia ya damu kuganda kwenye mishipa wala mvutaji sigara aliyepita miaka 35. Kwa kupunguza damu peke yake, koili inawashinda wote hawa.

Kama kinga ya mimba, Mirena imeidhinishwa Marekani kwa miaka 8, lakini kwa hedhi nzito hesabu miaka 5. Damu ikianza kuongezeka kabla ya hapo, badilisha mapema. Kuitoa ni rahisi: nyuzi hushikwa kwa koleo na kuvutwa taratibu, mikono ya T hujikunja juu, na kwa wengi ni suala la sekunde. Asiyetaka mimba akae siku 7 kabla ya kuitoa bila tendo la ndoa au atumie kondomu, kwa kuwa uwezo wa kushika mimba hurudi haraka. Na kama chanzo cha hedhi nzito bado kipo, hedhi hiyo nayo itarudi, kwa hiyo koili mpya iagizwe mapema ili iwekwe katika miadi ileile ya kutoa ya zamani.