Kidude cha redio cha USB: FM ilinidanganya wiki tatu

Aliyeniuzia kidude hiki aliniapia kwamba kinashika TV. "Ndugu yangu, chomeka kwenye laptopu utazame mpira," aliniambia huku akikipangusa vumbi kwa kiganja. Sikumbishia. TV ya Kenya inarushwa kwa mfumo wa DVB-T2, na chipu iliyomo humu, RTL2832U, inaijua DVB-T ya zamani tu, kwa hivyo mpira huuoni hata ukeshe. Mimi nilikuwa na langu. Tangu 2012, pale Antti Palosaari wa Ufini na wenzake walipogundua kwamba chipu hii ina mlango wa nyuma, watu wameacha kuitumia kwa TV. Inaweza kumwaga mawimbi ghafi ndani ya kompyuta, na kompyuta ndiyo inayogeuka redio. Nikatoa shilingi 1,800, nikaondoka.

Nilichotaka ni meli. Ninakaa Ganjoni, Mombasa, na nikipanda juu darini, meli za makontena zinazoingia bandari ya Kilindini ni kama zinapita barazani kwangu. Kila meli kubwa hutangaza jina lake, mahali ilipo na mwendo wake kwa mfumo wa AIS, kwenye masafa mawili: megahezi 161.975 na 162.025. Si siri, hutangazwa hivyo ili vyombo visigongane. Nikajiambia, nikishindwa kuzinasa kutoka hapa, basi tena.

Usiku wa kwanza laptopu yangu ya Linux ilikataa katakata: usb_claim_interface error -6. Ukiona hivyo usikimbilie kurudisha mali dukani. Linux inakijua kidude kama kifaa cha TV, inakidaka kabla yako. Niliandika mstari mmoja, blacklist dvb_usb_rtl28xxu, kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d, nikachomoa, nikachomeka, yakaisha. Walio na Windows hubadilisha draiva kwa programu ya Zadig, na wengi hukwama kwa kuchagua Interface 1 badala ya 0.

Gqrx, programu ya kusikilizia redio, ikafunguka, nikaweka FM, na sauti ikatoka safi kama redio ya gari. Niliita watu wa nyumbani waje wasikie. Hapo ndipo nilipopotea, kwa sababu kuanzia usiku ule niliamini kidude ni kizima, na kila kilichoharibika baadaye nikakitafuta pengine.

Maana nilipofungua programu ya AIS, kimya. Siku ya pili kimya. Nikasema ni antena. Ile inayokuja na kidude ni kijiti kifupi chenye sumaku chini, sawasawa kwa duka, si kwa meli. Robo ya wimbi kwa megahezi 162 ni kama sentimita 46, basi nikakata waya mgumu kwa urefu huo, nikaufunga kwenye kile kitako cha sumaku, nikakigandisha juu ya debe la mafuta la bati nililoligeuza kifudifudi ili liwe ardhi ya antena. Bi mkubwa wa ghorofa ya chini aliniona nikipandisha debe ngazini.

"Mwanangu, hilo la nini?"

"La meli, bibi."

Aliniangalia kidogo, akaingia ndani.

Debe lilisaidia, ila si kwa namna niliyotarajia. Kwenye ile picha ya mawimbi inayoteremka kama maji, nilianza kuona vimulimuli vifupi, kufumba na kufumbua vimepotea. Hizo ndizo meli! Lakini programu bado haikusoma hata moja. Nilivuta picha karibu, nikaweka mstari juu ya 161.975 kamili, nikasubiri. Kimulimuli kikatokea pembeni ya mstari. Cha pili pembeni. Cha tatu, pembeni vilevile, umbali uleule, karibu kilohezi 10.

Kumbe wiki tatu nzima kidude kilikuwa kinaniambia niko mahali ambapo sipo. Ndani yake kuna kristali ya megahezi 28.8 inayohesabu wakati, na kwenye vidude vya bei ya chini kristali hiyo haihesabu sawa. Nilitumia programu ya kalibrate, inayolinganisha kristali na minara ya simu ya GSM (minara hiyo ina saa za kuaminika). Jibu: kikiwa baridi kimekosea sehemu 48 kwa milioni. Baada ya dakika 20, kikiwa moto hadi nikikishika natamani kukitupa, 61. Piga hesabu: 61 kwa milioni ya megahezi 162 ni kilohezi 9.9. Njia ya AIS ina upana wa kilohezi 25, na nikiwa kando kiasi hicho hakuna kinachosomeka. Kituo cha FM kinachukua nafasi ya kama kilohezi 200, na kwenye masafa yake, karibu megahezi 100, kosa lilelile ni kilohezi 6 tu, hazisikiki kabisa. Ndiyo maana sauti ilikuwa tamu.

Nikaweka 61 kwenye programu, na sasa hukiacha kidude kipate moto nusu saa kabla ya kukiamini. Ujumbe wa kwanza uliingia saa nne usiku. Namba ya chombo, ambayo tarakimu zake tatu za kwanza hutaja nchi, ilianza na 636, Liberia. Nilidhani nimekosea kusoma, kwa sababu yetu sisi ni 634.

Yaliyobaki yalikuwa madogo, ila yanachosha. Ujumbe ulikuja mmojammoja, basi nikapandisha ukuzaji wa ishara hadi mwisho, desibeli 49.6, nikidhani naongeza masikio. Ukapungua. Hapa mjini vituo vya FM vina nguvu, na ukiachilia ukuzaji wote vinakifurika kidude hadi meli hazisikiki. 32.8 ndipo palipotulia. Kisha nikaunga kipande cha kebo ya antena ya RG-58 cha sentimita 50, mwisho mmoja ukiwa wazi, kwenye kiunganishi cha T kando ya antena, kinyonye mawimbi ya FM. Kichujio cha senti chache, na kinafanya kazi. Tatizo jingine sikulitambua kwa akili bali kwa umeme kukatika: stima ilipopotea jioni moja, picha yote ikatakata ghafla. Chaja ya laptopu ndiyo iliyokuwa inapiga kelele. Tangu hapo nasikiliza kwa betri, na kidude nimekitenga kwa kebo ya USB ya mita mbili.

Jioni njema sasa napata vyombo 15 hadi 20 kwa saa, cha mbali kabisa kama maili 18 za baharini.

Sasa kidude chenyewe. Ganda ni la plastiki, halitoi joto wala halizuii kelele, na hakuna tundu hata moja la hewa. Nilitoboa manne kwa bisibisi iliyopashwa moto. Tundu la antena, aina ya MCX, limeshaanza kulegea, nikigusa waya meli zinapotea. Kwa shilingi 1,800 siwezi kulia sana, ila kama unataka mawimbi membamba kama AIS au redio za mabaharia, ongeza pesa ununue chenye ganda la chuma, tundu la antena la SMA, la kukaza kwa kuzungusha, na kristali ya TCXO, inayojirekebisha joto linapobadilika, ambayo haikosei zaidi ya sehemu moja au mbili kwa milioni. Wiki zangu tatu zingekuwa siku moja tu.

Mimi nimeshaagiza hicho. Hiki cha zamani sitakitupa. Ndege zinazotua uwanja wa Moi hutangaza mahali zilipo kwenye megahezi 1090, na ishara yao imetandaa pana, megahezi mbili hivi, kwa hivyo kukosea sehemu 61 hakuisumbui. Jana nilikata waya wa sentimita 6.9, nikauweka juu ya kifuniko cha debe lilelile, na kabla chai haijapoa dump1090, programu ya kusoma ishara za ndege, ilikuwa na ndege tano.