Ushauri nasaha wa watoto kwa simu ya video: nilivyoupima

Watazamaji wangu, karibuni. Leo ninachambua huduma ya ushauri nasaha kwa watoto inayotolewa kwa simu ya video hapa Kenya, ambayo mwanangu wa miaka 9 ameitumia kwa vikao sita. Kampuni yenyewe sitaitaja.

Nilianza kuipima katika dakika kumi za mwanzo. Mshauri aijuaye kazi yake huuliza kwanza mtoto yuko wapi, nani yumo chumbani, na simu ikikatika ghafla apigiwe nani. Wetu wa kwanza hakuuliza lolote. Aliingia moja kwa moja kwenye habari za shule huku shangazi mtu akipita nyuma na sufuria, na mtoto akajibu "sawa" mara saba, nilihesabu. Mtoto anayesikilizwa na nyumba nzima atasema nini kingine? Wa pili, tuliyepewa baada ya kulalamika, alimwomba avae vipokea sauti vya masikioni, akamwambia aizungushe simu polepole ili aone chumba, kisha wakakubaliana kwamba akishika sikio, kuna mtu amekaribia. Kikao hicho kilichukua dakika 50, nami nilikuwa nje nikianua nguo.

Usajili wa mshauri uulizeni bila haya, kwa kuwa sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014 inautaka. Kilichoniudhi zaidi ni ridhaa. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, lakini programu hii imeunganisha idhini ya matibabu na ya matangazo katika kisanduku kimoja.

Vilevile, kila baada ya kikao tuliombwa kutoa nyota, ilhali nyota hupima kuridhika kwangu mimi mlipaji. Afadhali wangetumia dodoso la SDQ, la kupima hisia na tabia za mtoto, lenye vipengele 25, ambalo mzazi na mwalimu hulijaza mwanzoni na kulirudia baadaye.

Mtoto anayetaka kujidhuru apelekwe hospitali mara moja, asisubiri kikao cha video. Asiye na fedha za bando apige 116, laini ya watoto isiyotozwa malipo, ambayo Tanzania pia wanayo.

Nimelipia vikao vinne zaidi na mshauri yule wa pili. Kuhusu kisanduku, nimewaandikia wakitenganishe, na bado nasubiri jibu.