SSO ya ofisi: nunua ile inayomtoa aliyeacha kazi

Malalamiko ninayoandikiwa kuhusu SSO, yaani kuingia kwenye programu zote za kazi kwa akaunti moja, yanafanana mno. Ofisi imelipa, wafanyakazi wamepumua kwa kuachana na msururu wa nywila, kisha mmoja anaacha kazi. Akaunti yake inafungwa siku hiyo hiyo. Wiki inayofuata bado anasoma mazungumzo ya kitengo cha mauzo kwenye simu yake, na ankara za wateja anaziona kama kawaida. Muuzaji akiulizwa, anajibu kwamba mfumo hauna tatizo.

Kwa hiyo hapa sijali uzuri wa ukurasa wa kuingilia wala wingi wa programu zinazounganishwa. Bidhaa zote nne nitakazozitaja zinatumia SAML 2.0, kiwango cha kuzithibitishia programu kwamba anayeingia ni nani, kilichopitishwa mwaka 2005, na zote zina uthibitisho wa hatua mbili. Nauliza jambo moja tu: mtu akiondoka, anatolewa nje au anazuiwa tu kurudi?

SAML ni askari wa getini: anakagua wanaoingia, walioko ndani hana habari nao. Mtu akishapita, programu humfungulia kikao chake yenyewe, yaani ruhusa ya kuendelea kuitumia, na haiulizi tena mpaka kikao kiishe, na kwenye simu kikao kinaweza kudumu wiki kadhaa kutegemea mipangilio. Kinachopeleka taarifa kwamba fulani ameondoka, afungiwe akaunti, ni kiwango kingine kiitwacho SCIM, ambacho toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2015. Ukinunua SSO bila SCIM, kazi ya kumtoa mtu programu moja baada ya nyingine inabaki mikononi mwako.

Namba moja kwangu ni Microsoft Entra ID, ile iliyoitwa Azure Active Directory hadi 2023, na upendeleo wangu siufichi. Hupeleka mabadiliko kwenye programu zilizounganishwa kila baada ya dakika 40 hivi, na ukiwa na haraka unaweza kumshughulikia mtu mmoja papo hapo. Ninachokipenda zaidi ni kumbukumbu zake: unafungua, unatafuta jina, unaona kama upande wa pili ulikubali kufunga akaunti au ulikataa, na kwa sababu gani. Kifurushi cha P1 ni dola 6 kwa mtu kwa mwezi, na kimo tayari ndani ya Microsoft 365 Business Premium, kwa hiyo angalia unacholipia kabla ya kununua kingine. Ile ya bure haikuruhusu kugawa programu kwa makundi, utamgawia kila mtu peke yake. Halafu kuna hili: cheti cha SAML, kile kinachoifanya programu iamini uthibitisho unaotoka Entra, huisha baada ya miaka mitatu, na onyo hutumwa kwa barua pepe ya msimamizi aliyeiunganisha programu. Kama ndiye aliyeacha kazi, onyo halimfikii mtu, na asubuhi moja ofisi nzima inakwama. Weka anwani ya timu.

Okta ni ya pili kwa sababu ya bei tu. Kwa kazi ya kumtoa mtu ni hodari, hata inaweza kukata vikao vilivyo wazi kwenye programu zinazoikubali huduma hiyo. Lakini mkataba wake unaanzia dola 1,500 kwa mwaka, hata kama mko watu kumi. Pia wadukuzi waliingia kwenye mfumo wake wa kuhudumia wateja mwaka 2023, jambo la kumuuliza muuzaji bila haya.

Google Workspace inatosha kama barua pepe zenu ziko huko, ila orodha yake ya programu za kufungia akaunti moja kwa moja ni fupi. Keycloak ni ya bure, lakini inataka seva na mtu wa kuilea, na SCIM utaihangaikia kwa programu-jalizi.

Sasa wauzaji wa programu zenyewe, hawa ndio wanaoniumiza roho. GitHub, wanakohifadhi kazi zao waandishi wa programu, kifurushi chake cha Team ni dola 4 kwa mtu kwa mwezi. Ukitaka SAML unapanda hadi Enterprise, dola 21. Slack, ile ya mazungumzo ya kazini, nao wameiweka kwenye Business+, si kifurushi cha chini. Hata CISA, shirika la usalama wa mtandao la serikali ya Marekani, lilieleza mwaka 2024 kwamba bei za namna hii zinazizuia biashara ndogo. Sisi Kenya tunalipa kwa dola, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatutaka tumjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 data za watu zikifikiwa na asiyeruhusiwa, kukiwa na hatari halisi ya madhara kwao. Kufunga mlango kumefanywa anasa, ilhali faini ni yetu.

Kwa hiyo muuzaji akija na slaidi, mwombe aingie kwenye programu kwa simu yake kama mfanyakazi wa majaribio. Funga akaunti hiyo mbele yake, simu ibaki mezani, na mwendelee na chai. Baada ya saa moja mwambie afungue tena. Kama ankara bado zinafunguka, usitie sahihi, na kwenye mkataba wowote dai neno SCIM liandikwe pamoja na jina la kifurushi.