Saa 60 na Naoe na Yasuke: uzoefu wangu wa Assassin's Creed Shadows

Hukumu ya gemu hii niliisikia kabla sijashika padi. Tangu trela ya kwanza ilipotoka Mei 2024, mtandaoni kulikuwa na ugomvi mtupu: kwa nini mhusika mkuu mmojawapo awe Yasuke, Mwafrika, ndani ya Japani ya karne ya 16? Wengi waliapa kwamba haitauzika. Lakini Yasuke si mtu wa kubuni. Alifika Japani mwaka 1579 pamoja na mmisionari Mkatoliki (Mjesuiti) Alessandro Valignano, akamtumikia mbabe wa vita Oda Nobunaga hadi Nobunaga alipokufa mwaka 1582. Kinachobishaniwa ni kama alikuwa samurai kamili.

Nikaamua nicheze kwanza.

Saa nyingi za mwanzo ni za Naoe, binti wa mkoa wa Iga, shinobi (mpelelezi wa kunyemelea) anayeishi gizani. Unazima taa moja moja, unatambaa kwa tumbo, unapita nyuma ya mlinzi anayepiga mwayo. Kulikuwa na ngome moja niliyoizoea wakati wa kiangazi: nikionekana tu, najitupa bwawani na kupumulia mwanzi mpaka watulie. Nikarudi majira ya baridi kwa mbinu ileile. Nikiwa juu ya paa, vipande vya barafu vilivyoning'inia vikaanguka, walinzi wakageuka. Nikakimbilia bwawa langu, nikakuta maji yameganda. Sijawahi kucheza gemu ambayo majira yake yananilazimisha kufikiri upya namna hiyo.

Yasuke ni kinyume kabisa. Hawezi kupanda kila ukuta, na akiruka kutoka juu anatua kwa kishindo. Ila mlango uliofungwa anaupasua kwa bega, na adui aliyemsumbua Naoe dakika nzima anamwangusha kwa mapigo mawili. Ukimwondoa Yasuke, nusu ya utamu umeondoka. Nasema hivi nikijua kwamba wahakiki wengi wamelalamika kuwa kazi za kuwinda walengwa zinajirudia, na hilo silipingi.

Sasa, je, ugomvi uliigharimu? Ubisoft, kampuni iliyoitengeneza, ilitangaza wachezaji milioni 1 siku ya kwanza, 20 Machi 2025, na milioni 3 baada ya wiki moja. Wachezaji si nakala zilizouzwa, maana anayecheza kwa kulipia usajili naye anahesabiwa, kwa hiyo siuiti ushindi wa kuvunja rekodi. Lakini lile anguko lililoapiwa sikuliona.

Wala si mara ya kwanza. The Last of Us Part II ilimwagiwa alama za sifuri na wachezaji wenye hasira mwaka 2020 siku ileile ilipotoka, kabla watu hawajapata muda wa kuimaliza, na bado iliuza nakala zaidi ya milioni 4 kwa siku 3. Hogwarts Legacy, gemu ya ulimwengu wa Harry Potter, ilisusiwa na upande wa pili, yaani wanaotetea utofauti, kwa sababu ya kauli za mwandishi J.K. Rowling kuhusu watu waliobadili jinsia. Iliuza nakala milioni 12 ndani ya wiki 2 mwaka 2023.

Watu hunirushia Concord, gemu ya mtandaoni ya kurushiana risasi, kama ushahidi kwamba utofauti wa wahusika unaua mauzo. Ilitoka Agosti 2024, ikaondolewa sokoni baada ya wiki 2 na wanunuzi wakarudishiwa pesa. Sura za wahusika zilisemwa sana, kweli. Lakini iliuzwa dola 40 wakati washindani wake wakubwa wanachezwa bure, na kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, wachezaji wa wakati mmoja hawakufika hata 700. Kwangu bei ile peke yake ilitosha kuizamisha.

Inayonisumbua zaidi ni Dragon Age: The Veilguard. Kampuni yake, EA, ilisema wachezaji walikuwa takriban milioni 1.5, karibu nusu ya ilichotarajia. Mashabiki walikuwa wamesubiri miaka 10, wakakuta mapigano yamebadilika na maamuzi mengi ya gemu za nyuma hayahesabiki. Mtu aliyekwisha kusitasita hivyo, kelele za mtandaoni zinampa sababu ya kuacha. Naamini hapo ndipo ugomvi wa utofauti unapouma kweli: kwa mnunuzi mwenye shaka tayari. Aliyeipenda gemu haachi kununua.

Shadows naipa 8 kati ya 10. Kama unapenda kunyemelea, kaa na Naoe na usiharakishe hadithi. Mimi nimebakiza ngome mbili, na nangoja majira yabadilike ili barafu iyeyuke.