Sensa tano kwenye waya mmoja: uzoefu wangu na DS18B20

Nilitaka kupima joto la tangi la maji sehemu tano, kutoka juu hadi chini, na kwenye maikrokontrola yangu (kompyuta ndogo ya chipu moja) zilikuwa zimebaki pini mbili tu. Nikachukua DS18B20, sensa za joto, zile zilizofungwa ndani ya kibomba cha chuma. Huu ni mwezi wa nane nazitumia, na sijajuta, ingawa wiki ya kwanza zilinitoa jasho.

Utamu wake ni kwamba zote tano zinaning'inia kwenye waya uleule wa data. Kila moja ina namba yake ya biti 64 iliyoandikwa kiwandani. Ikiitwa moja, nyingine zinanyamaza. Waya wa saa, yaani wa kupiga mdundo wa mawasiliano, hakuna; urefu wa mpigo ndio lugha yenyewe. Maikrokontrola hupiga hodi kwa kuvuta waya chini mikrosekunde 480 au zaidi, kisha huuachia, na sensa huuvuta chini kidogo kuitikia. Baada ya hapo, waya ukishushwa na kuachiwa kabla ya mikrosekunde 15, umeandika biti ya moja. Ukishikiliwa chini 60 au zaidi, umeandika sifuri.

Mimi hodi yangu haikuitikiwa. Kila nikisoma napata -127, namba ambayo maktaba ya programu niliyotumia hutoa ikikosa jibu. Kumbe nilidharau rezista! Kwenye waya huu kila kifaa kinajua kuvuta chini tu. Kinachourudisha juu ni rezista ya omu 4,700 kati ya data na umeme. Nilipoifunga, zote zikaitika.

Halafu ikaja 85. Maji baridi kabisa, sensa inasema nyuzi 85. Hiyo ndiyo namba inayokuwa nayo ikiwashwa, kabla haijapima chochote. Nilikuwa nimejifanya mjanja wa kubana nyaya: niliziunganisha kwa nyaya mbili bila waya wa umeme, zikawa zinanyonya umeme kwenye waya wa data. Zikianza kupima nguvu inaziishia, zinazima na kuanza upya. Niliporudi kwenye nyaya tatu, 85 ikatoweka.

Usahihi wake unanitosha: kiwanda kinaahidi kosa lisilozidi nyuzi 0.5 kati ya -10 na 85. Kasi ndiyo hakuna. Kwa biti 12, yaani kwa undani wake wa juu kabisa, kipimo kimoja kinaweza kuchukua milisekunde 750, na kibomba chenyewe kinachelewa kupata joto. Usizisubiri moja moja. Toa amri moja zipime zote pamoja, kisha zisome kwa zamu.

Na andika namba ya kila sensa kwenye waya wake kabla ya kuizamisha. Mimi sikuandika, nikalazimika kuzitoa zote majini na kuzishika mkononi moja baada ya nyingine, nikitazama ipi inapanda.